Kwa Nini Mpunga Chotara Hutoa Mapepe

Mwanachama anayenunua mahindi chotara huaswa asipande tena alichovuna. Katibu wa chama cha msingi wilayani Kondoa akiulizwa kama mpunga wa NERICA, ambao nao ni uzao wa mchanganyiko, huhitaji mbegu mpya kila msimu, jibu ni hapana. Sababu yake yafaa ieleweke.

Mpunga ulimwao duniani ni wa jamii mbili, wa Asia na wa Afrika Magharibi. Ule wa Asia huzaa kwa wingi. Wa Afrika hushindana vyema na magugu na hustahimili maradhi ya kwao, ila punje zake hupukutika upesi. Kuziunganisha jamii hizo kulishindikana kwa muda mrefu kwa sababu ya mtoto wao. Kama baghala, mzao wa punda na farasi, kizazi cha kwanza hustawi kwa nguvu lakini ni tasa: masuke hujaa mapepe.

Chanzo kimo katika chembe za urithi. Kwenye kromosomu ya sita ipo sehemu iitwayo S1. Chotara hupokea S1 ya Kiafrika kwa mzazi mmoja na ya Kiasia kwa mwingine, na ile ya Kiafrika huziangamiza mbegu za uzazi zilizobeba mwenzake. Mgeni huwafukuza watoto wa mwenyeji. Sehemu nyingine huongeza madhara, hata chavua karibu yote ikafa. Upande wa kike husalimika mbegu chache.

Hizo chache ndizo zilizotumiwa na Monty Jones, mtaalamu wa Sierra Leone, na wenzake nchini Côte d'Ivoire katika miaka ya 1990. Chotara walichavushwa tena na tena kwa mpunga wa Asia mpaka uzazi ukarejea, kisha vifuko vya chavua vikakuzwa maabara ili kupata mimea isiyobadilika tabia. Jones alitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2004, na Tanzania iliidhinisha aina kadhaa za NERICA mwaka 2009.

Mpunga huo hujichavusha wenyewe; mbegu yake huhifadhiwa, mradi isichanganyike na nyingine mahali pa kupigia. NERICA za nchi kavu hukomaa kwa takriban siku 100, lakini kwa mvua za Kondoa mabonde yenye unyevu ndiyo mahali pake. Mwanachama akikuta mapepe shambani, asikishtaki chama kwa kumuuzia mbegu tasa: kwanza akague ukame wakati wa kuchanua, na funza ndani ya mabua.