MWENYE MCHEZO NA WENYE KUUCHEZA

Mvua za Moshi hazibishi hodi. Jioni moja, nikitoka katika shughuli za Chama zilizonileta Bara, ilinikuta mtaani Majengo, nami nikajisitiri katika kibanda kimoja cha mabati. Humo nilikuta runinga mbili, mashine mbili za michezo, benchi moja refu, na vijana wapatao kumi wakicheza mpira wa miguu usiotia vumbi mguuni. Nilidhani nimeingia mahali pa upuuzi, kumbe nimeingia barazani.

Wenye kibanda ni ndugu wawili, mtu na mdogo wake, na siku hiyo hawakuwa na neno moja. Mkubwa ameweka katika mashine yake toleo la zamani la mchezo, wala hataki kulibadili. Mdogo ameweka toleo jipya. Wateja nao wamegawanyika, kila kundi na mashine yake.

“Mzee, mchezo huu tuliuzoea miaka,” aliniambia yule mkubwa kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa. “Tukaamka siku moja tukaambiwa umekwisha, huu hapa mwingine. Nani alituuliza?”

Mdogo wake akamjibu kwamba mchezo ni mali ya aliyeutengeneza, na asiyeutaka na auache.

Ugomvi wao una asili yake. Kampuni ya Konami ya Japani ilikuwa na mchezo wa mpira uliojulikana kwa vijana wetu kwa jina fupi la PES. Mwaka 2021 jina hilo liliondolewa, na tarehe 30 Septemba ya mwaka huo ukatolewa mchezo mpya, eFootball. Ulitolewa bure, lakini ulitoka mbichi: sura za wachezaji zilipotoka, mwendo wao ukawa wa kuchekesha, na mengi yaliyokuwamo zamani hayakuonekana. Malalamiko yalitoka pembe zote za dunia, hata Konami ikaomba radhi siku iliyofuata. Toleo lililorekebishwa halikutoka mpaka Aprili 2022. Tangu hapo mchezo umetengenezwa sana, lakini yule kijana wa Majengo angali anakumbuka.

Msomaji wa Unguja au Pemba aweza kuuliza, na mtumishi wa Serikali aweza kuuliza zaidi: safu hii yahusu nini na vitu vya kuchezea watoto? Jawabu ni kwamba mdogo na mkubwa wale walikuwa wakibishania jambo la kale. Aliyetengeneza kitu na waliojenga maisha yao ndani ya kitu hicho, nani ana neno la mwisho kinapobadilishwa?

Sisi tuliokulia kando ya bao hatukuzoea mashaka ya namna hii. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na sheria zake tulizirithi kwa wazee. Hakuna mtu awezaye kuja usiku akaifuta nyumba, kisha asubuhi akatwambia kwamba tangu leo bao ni hivi. Wachezaji wakihitilafiana, wajuzi waliopo barazani huamua. Mchezo wa mitambo ya leo si hivyo. Mchezaji hulipa, lakini alicholipia hubakia katika mkono wa mwenye mchezo. Yeye, akiwa ng’ambo, aweza kuupunguza, kuuongeza au kuufunga, wala asiinuke kitini.

Kisa kilicho wazi katika jambo hili ni cha mchezo wa Kimarekani uitwao City of Heroes, yaani Mji wa Mashujaa. Ulianza Aprili 2004. Uliundwa na kampuni ya Cryptic Studios ya California, na kutolewa na kampuni ya NCsoft ya Korea Kusini. Watu wa nchi mbalimbali, kila mmoja mbele ya kompyuta yake, walikutana kwa njia ya intaneti katika mji wa kubuni na kupambana na wahalifu. Kila mchezaji alijiundia shujaa wake mwenye nguvu zipitazo za binadamu: huyu huruka, yule hutoa moto mikononi, mwingine kazi yake ni kuwakinga na kuwaponya wenziwe. Walimpa shujaa jina, mavazi na historia ya maisha yake. Kwa haya walilipa ada kila mwezi, na walitumia saa nyingi ambazo hakuna awezaye kuzirudisha.

Mwaka 2005 waundaji, chini ya uongozi wa Jack Emmert, waliona kasoro. Uwezo mmoja wa shujaa uliweza kupachikwa nyongeza hadi sita, na mchezaji mjanja alizipachika zote za aina moja. Nyongeza ya daraja la juu ilizidisha nguvu kwa kiasi cha theluthi. Sita zikafanya nguvu kuwa mara tatu ya asili yake. Wako waliofikia hali ya kutodhurika. Mmoja wao aliweza kuwakusanya maadui makundi kwa makundi akawamaliza peke yake, nao wenziwe wamesimama wakitazama.

Waundaji wakakata shauri. Agosti 2005 walipunguza kinga za mashujaa. Oktoba ya mwaka huo huo wakaleta kanuni nyingine: nyongeza mbili za kwanza zifanye kazi kwa ukamilifu, ya tatu ipungue, na ya nne na zinazofuata zisifae ila kidogo sana. Shujaa aliyelala simba akaamka paka. Zikazuka hasira kubwa. Wako waliosema wameibiwa, wako waliosema mchezo umepona, na wako waliofunga virago wakaondoka.

Mimi, nikiyapima mambo hayo kwa mizani ya siasa niliyofundishwa, nasema kwamba shabaha ya mabadiliko yale ilikuwa njema. Palipo na mmoja awezaye yote, wengine hawana kazi. Mponyaji hana wa kumponya, mkingaji hana wa kumkinga, na umoja unageuka mapambo. Kuzipunguza nguvu za mmoja ili wote wapate nafasi si dhuluma. Mchezaji anayeita uonevu kila kinachompunguzia yeye, hata kama kinawanufaisha wengi, naye anastahili kukosolewa.

Tena, waundaji wale hawakuyafanya yote gizani. Mabadiliko yaliwekwa kwanza katika seva ya majaribio, na wachezaji wakasema waliyoyaona. Lakini msingi wa uamuzi haukutikisika. Hapo ndipo penye somo kwa sisi tulioshika nyadhifa. Ni mara ngapi tumeitisha mkutano wa hadhara, tukasikiliza kwa saa tatu, tukaandika kila neno katika daftari, na hali uamuzi tumekwisha kuutia sahihi jana yake? Mwananchi si mjinga. Huujua mkutano wa kushauriana, na huujua mkutano wa kuarifiwa. Sisi tuliopita chuoni twakumbuka kwamba katika Msahafu imo sura nzima iitwayo Shura. Kushauriana si hisani ya mkubwa kwa mdogo, bali ni wajibu.

Kisa cha Mji wa Mashujaa hakikuishia hapo. Tarehe 31 Agosti 2012 NCsoft ilitangaza kwamba mchezo utafungwa. Sasa hapakuwa na kupunguziana tena, ni kufuta kabisa. Walioitaka kanuni ya mwaka 2005 na walioichukia wakasimama pamoja. Waraka wa kuomba mchezo usifungwe ulitiwa sahihi zaidi ya 20,000. Septemba ya mwaka huo mashujaa wao walikusanyika mbele ya jumba la mji wao wa kubuni, kila mmoja na mwenge mkononi. Haikufaa kitu. Tarehe 30 Novemba 2012 mitambo ilizimwa.

Habari hiyo ya mienge, mtu akiwa hapa chini ya Kibo, haimchekeshi. Katika mlima huu ndipo Luteni Alexander Nyirenda alipoupandisha Mwenge wa Uhuru, Desemba 1961. Silinganishi uhuru wa nchi na mchezo wa kompyuta, nami namwomba msomaji asinielewe hivyo. Nasema tu kwamba watu hushika mwenge pale wanapotaka kuonekana kuwa wapo. Na wale walikuwapo kweli, ingawa mji wao haukuwapo.

Kisha likatokea la ajabu. Mwaka 2019 ilijulikana kwamba wako watu waliokuwa wakiuendesha mchezo ule kwa siri, na programu yake ikaenea mikononi mwa wengi. Wachezaji waliufufua kwa kazi ya kujitolea. Januari 2024 mmoja wa miji hiyo iliyofufuliwa, uitwao Homecoming, ulitangaza kwamba umepata kibali rasmi cha NCsoft. Mwenye mali alikubali, baada ya zaidi ya miaka kumi na moja, kwamba waliokitunza kitu chake nao wana sehemu yao.

Hapa Moshi mambo kama hayo yalitokea zamani, tena hayakuwa mchezo. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianza kujiunga katika chama chao mwaka 1925, na kutoka hapo ikazaliwa KNCU, chama kikuu kilichopata sifa Afrika nzima. Mwezi Mei 1976 Serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika, na kazi yao ikapewa mamlaka za mazao. Sababu zilikuwapo, na si zote zilikuwa za uongo: katika baadhi ya vyama ulikuwapo ubadhirifu, na wenye mashamba makubwa walikuwa na sauti kuliko wenzao. Lakini mkulima aliyechuma buni kwa mkono wake, akakatwa senti kwa senti kujenga chama, hakuulizwa. Ilipofika mwaka 1982 ilitungwa sheria ya kuurudisha ushirika, na KNCU ikasimama tena. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri baadaye kwamba kuvivunja vyama vile lilikuwa kosa.

Naliandika hili nikiwa kada, na sioni haya. Mwongozo wa mwaka 1971 ulitukataza majivuno, na ulitutaka tuwashirikishe watu katika mambo yanayowahusu. Kiongozi akikiri kosa hapunguki heshima. Anayepunguka ni yule anayelirudia.

Basi njia iliyo njema ni ipi? Sina haja ya kuitafuta California wala Korea, kwa kuwa imo katika miteremko ya mlima huu. Kwa karne kadhaa Wachagga wameyachukua maji ya vijito vya mlimani na kuyapeleka katika vihamba vya migomba na kahawa kwa mifereji waiitayo mifongo. Kila mfongo una mwanzilishi wake, na ukoo wake huheshimiwa kwa ajili hiyo. Hakuna asemaye kwamba mfongo hauna mwenyewe. Lakini mwanzilishi hawezi kuugeuza mkondo usiku mmoja kwa matakwa yake. Watumiaji hukutana. Zamu za maji hugawanywa mbele yao. Mfongo ukibomoka wote hutoka na majembe, na asiyetoka hutozwa faini. Anayeufanyia kazi mfongo ana haki ya kusema juu ya maji yake, na anayedai haki ya kusema ana wajibu wa kuufanyia kazi.

Kanuni hiyo ya mfongo yatosha kuwaamua wale ndugu wawili wa Majengo, nayo yatosha kutuongoza sisi. Anayetaka kubadili jambo ambalo watu wameweka ndani yake fedha na miaka yao, awaeleze mapema kasoro anayotaka kuitibu. Awaulize kabla ya kukata shauri. Akikata, awaambie kwa nini hakuyafuata waliyoyasema. Na kile walichokilipia asikifute bila ya kuwaachia njia ya kukihifadhi.

Hili litazidi kuwa na uzito mwaka hadi mwaka. Malipo, vibali na usajili vinahamia katika mitambo, Bara na Visiwani. Mtengenezaji wa mtambo, awe kampuni ya ng’ambo au ofisi ya Serikali, aweza kubadili utaratibu kwa kubonyeza kitufe, na mvuvi wa Nungwi au mkulima wa Kibosho akaamka hajui mlango uliko. Kijana anayeuliza leo kwa nini mchezo wake umebadilishwa bila yeye kuulizwa anajifunza swali la raia. Tusimcheke. Tumfundishe kuliuliza vizuri, na sisi tujifunze kulijibu.

Mvua ilipokatika niliwaaga vijana wale. Nikiwa mlangoni niliona bei za kucheza zimeandikwa kwa chaki juu ya ubao. Nikamuuliza yule mdogo, aliyesema kwamba mwenye mchezo hufanya apendavyo: je, kesho angeweza kuifuta bei hiyo na kuandika nyingine, na wateja wasijue mpaka wamekwisha kukaa?

Akautazama ubao, kisha akawatazama wale waliokaa kwenye benchi, nao walikuwa wakimtazama yeye.

“Hapana, Mzee,” akasema. “Ningewaambia kwanza.”