Bluu, Njano na Kijivu cha Katikati

Kiambie kivinjari kipake kisanduku bluu upande wa kushoto na njano upande wa kulia, kisha rangi hizo ziingiliane taratibu. Mtoto aliyewahi kuchezea rangi za maji atakuambia katikati patatoka kijani. Kwenye skrini panatoka kijivu, mfano wa maji ya kufulia.

Wengi humlaumu msanifu. Lakini kila pikseli ina taa tatu, nyekundu, kijani na bluu, na nguvu ya kila moja huandikwa kuanzia 0 hadi 255. Bluu kamili ni 0, 0, 255. Njano ni 255, 255, 0. Nusu ya njia kati yake ni kama 128 kwa taa zote tatu, na taa zikiwaka sawa, rangi hufa. Hesabu haina kosa, ila ni hesabu ya taa, si ya jicho.

Jicho lina upendeleo. Skrini ikiwa nyeupe, taa ya kijani huchangia asilimia 72 hivi ya mng'ao, nyekundu 21, bluu 7 tu. Kwa hiyo njano ina mng'ao wa karibu mara 13 ya bluu. Ajabu ni kwamba HSL, mbinu ya zamani ya kutaja rangi katika CSS (lugha ya kupamba kurasa za wavuti), huzipa zote mbili mwangaza uleule wa asilimia 50! Weka maandishi meupe juu ya bluu hiyo, yanasomeka vizuri. Yaweke juu ya njano, yanapotea.

Mwaka 2020 Msweden Björn Ottosson alichapisha Oklab, ramani ya rangi inayofuata macho ya watu. Sura yake ya mviringo, OKLCH, hutaja mwangaza, ukolezi na pembe ya rangi. Kivinjari cha Safari kiliipokea mwaka 2022, Chrome na Firefox mwaka 2023. Ukiongeza "in oklch" kwenye mpito wako wa rangi, bluu huizunguka duara hadi njano ikipitia kijani. Ukiongeza "longer hue", huzunguka upande wa pili, kupitia zambarau, nyekundu na machungwa; mimi napenda huu zaidi.

Baadhi ya rangi za njiani hazimo katika uwezo wa skrini, na kivinjari huzipunguza. Vivinjari vya zamani navyo, visivyojua maneno hayo, huruka mstari mzima bila kulalamika, kwa hiyo tanguliza mpito wa kawaida kwenye mstari wa juu.