Chema Chajiuza, Spea Je?

Wahenga walinena: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Siwabishii wahenga, kwani wao ndio waliotangulia nasi twafuata nyayo. Ila nadhani lau wangefufuka leo wakapita Kisauni, Changamwe na Likoni kutafuta spea ya gari, wangerudi barazani wakaitazama tena methali yao. Siku hizi kibaya hakijitembezi. Kimekaa rafuni kimya, ndani ya boksi jipya lenye rangi nzuri na maandishi ya Kijapani, chamngoja mwenye haraka na mwenye kupenda rahisi.

Mwenye haraka na mwenye kupenda rahisi, wasomaji wangu, nilikuwa mimi.

Nina gari la Toyota, lile ambalo vijana huliita 110. Limezeeka, nami nimezeeka nalo. Mwishoni mwa Mfunguo Mosi fundi wangu aliniambia kwamba masta silinda ya breki imechoka, nikatafute nyengine. Nikaenda kwenye duka moja upande wetu huu wa bara. Jina la duka nalistiri. Mwenyewe namjua, twasali pamoja Ijumaa, naye husimama safu ya mbele. Alinipokea kwa "Karibu, Ustadh", akaniagizia kahawa, akateremsha boksi. Bei ilikuwa shilingi 3,500.

"Sheikh," nikamwambia, "mimi si mgeni wako. Niteremshie."

"Basi nipe 2,600, Ustadh, lakini risiti sikuandikii."

Nikacheka, nikatoa pesa, nikaondoka nikijiona mjanja. Sikuuliza kitu kile kimetoka wapi. Hata kukitoa ndani ya boksi nikakitazama sikufanya.

Siku ya kumi na moja, asubuhi, nilikuwa Likoni nikiteremka kwenda ferini. Wakaao Likoni waijua ile njia: ni mteremko, mbele yako maji, na baina yako na maji ni watu. Tarehe 29 Septemba 2019 gari lilirudi nyuma likatumbukia baharini kutoka ferini, mama na mwanawe wakafa. Sisemi kwamba sababu yake ilikuwa spea. Nasema tu kwamba tangu siku ile hakuna dereva wa Likoni ashukaye pale asiikumbuke. Basi nilikuwa nimesimama foleni, mguu juu ya breki, nikahisi pedali yazama. Haikuanguka kwa ghafla, ilizama polepole, kama mguu uliokanyaga tope. Gari likaanza kwenda. Mbele yangu alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni, ameweka tenga lake la nyanya chini apumzike.

Nikavuta breki ya mkono kwa nguvu zangu zote. Breki hiyo huvuta waya na haitegemei mafuta, na kwa rehema ya Mola ilishika. Gurudumu lilisimama juu ya tenga. Yule mama alikuwa amekwisha ruka. Hakunitukana. Alinitazama tu, kisha akaanza kuokota nyanya zilizosalimika. Nilimlipa nyanya zake, nikamwomba radhi. Yale macho sijayalipa hata leo.

Fundi alipoifungua ile silinda alinionyesha. Masta silinda ni kichuma kikaacho ndani ya boneti upande wa dereva. Ukikanyaga breki, pistoni yake husukuma mafuta ya breki kwenda kwenye magurudumu. Kizuiacho mafuta yasirudi nyuma ni vikombe vidogo vya mpira, kila kimoja hakizidi ncha ya kidole gumba. Vyangu vilikuwa vimefura na kumeguka ukingoni kwa siku kumi na moja tu. Mafuta yalikuwa yakipenya, ndiyo maana pedali ikazama. Chuma chenyewe hakikuwa na namba wala alama ya kiwanda. Boksi lilisema kitu kimoja, na kilichomo ndani kilikuwa kitu chengine.

Nikamrudia bwana wangu. Alisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza swali moja tu: "Ustadh, una risiti?"

Nikanyamaa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii nimeitia katika makala zangu mara ngapi? Na si methali tu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, katika Suratul Baqara, yahusu kuandikiana na kushuhudishana watu wanapokopeshana na kuuziana. Nimeihifadhi tangu utotoni, na nilipofika dukani niliiuza kwa shilingi 900.

Chuoni, tulipofika mlango wa biashara, mwalimu wetu alitufundisha kwamba mnunuzi ana khiyari tatu. Ya kwanza ni khiyari ya majilisi: maadamu hamjaachana pale mlipouziana, kila mmoja aweza kughairi. Ya pili ni khiyari ya sharti: mwaweza kuwekeana muda wa kujaribu kitu, usiozidi siku tatu. Ya tatu ni khiyari ya aibu: ukigundua kasoro ambayo ilikuwako na hukuonyeshwa, una haki ya kurudisha kitu bila kuchelewa. Akatusimulia Mtume (s.a.w.) alivyopita sokoni akatia mkono ndani ya fungu la chakula, akakuta chini mmelowa na juu mkavu, na alivyomkemea mwenye kuuza kwa kuuficha umaji ule. Sisi watoto tulidhani kisa kile ni cha nafaka. Kumbe ni cha masta silinda pia.

Serikali nayo haikutuacha watupu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaostahiki. Iko Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, iko Sheria ya Kumlinda Mnunuzi ya mwaka 2012, na iko sheria ya mwaka 2008 dhidi ya bidhaa bandia. Lakini haki yataka shahidi, na shahidi wako wa kwanza ni kile kikaratasi cha risiti.

Sasa, mtu anunue wapi? Swali hili naulizwa kila nikikaa barazani. Upande wa Kisauni, kutoka Kongowea mpaka Bombolulu na Mtopanga, maduka yamefuata matatu, tuktuku na pikipiki. Spea za kila siku hazikosekani. Changamwe ni mji wa malori. Magari ya kwenda Uganda, Rwanda na Kongo hupita huko, na magari ya mitumba yashukayo Kilindini mengi hulazwa katika yadi za pande hizo, kwa hiyo Magongo na Miritini utakuta gereji na wauzaji wa vyuma vikubwa na vidogo. Likoni twasaidiwa na maduka machache ya jirani. Kilichobaki twakivukia maji, au siku hizi twazunguka kwa barabara ya Dongo Kundu. Lakini kila upande wa pande hizo tatu una wakweli na una wadanganyifu. Mtaa haukutoshi kuwa dalili.

Fundi wangu alinipeleka Magongo kwa kijana mmoja auzaye spea zilizokwisha tumika, zile wazitazo "eksi-Japani". Duka lake ni kibanda cha bati. Si mtu wa pwani, wala dini yetu si moja. Alikuwa na masta silinda ya 110 imening'inia ukutani. Nikaiashiria.

"Hiyo siwezi kukuuzia, mzee," akasema.

"Kwa nini, mwanangu? Si ya kuuzwa?"

"Ni ya kuuzwa kwa mtu atakayeifungua atie mipira mipya. Wewe wataka kufunga leo uende. Hujui mpira huu umekaa miaka mingapi, hata mimi sijui. Nikikuuzia injini, giaboksi, mlango au taa, nunua bila hofu, utazame tu kama haina ufa. Chuma cha mtumba sawa. Mpira wa breki wa mtumba, la."

Akatuelekeza kwenye duka la spea mpya, akatuandikia namba ya kitu chenyewe kwenye kipande cha katuni. Hakupata hata senti kutoka kwangu siku ile. Tangu hapo nimekwisha nunua kwake rejeta na taa ya nyuma, na jamaa zangu watatu nimewapeleka. Hivyo ndivyo chema kijiuzavyo siku hizi: hujiuza kwa ulimi wa mtu asiyekificha kibaya.

Katika kwenda na kurudi nimejifunza mambo ambayo nisingependa mwenzangu ayanunue kwa bei niliyonunulia mimi.

Kwanza, jua wataka nini. Spea ziko namna tatu: ile ya kiwanda cha gari lenyewe, ile ya mtumba, na ile mpya ya kiwanda chengine. Hii ya tatu wengi huidharau kwa kuiita "Taiwani", nao huidhulumu. Viwanda kama Denso na Aisin huitengenezea Toyota vitu vyake, kisha huviuza pia katika maboksi yao wenyewe. Na kitu cha Taiwan au Uchina si kibaya kwa kuwa chatoka huko. Bandia ni kile kinachoongopa jina lake. Kwa magari kama langu jambo hili lina uzito zaidi, kwani Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, basi wenzake hawaji tena, na spea zake zitazidi kutegemea viwanda vyengine na magari yaliyovunjwa.

Pili, nenda na kile cha zamani mkononi, pamoja na namba ya chesisi. Vilinganishe uzito, matundu na namba zilizochorwa juu ya chuma. Tazama kitu kabla ya boksi. Boksi huchapishwa popote.

Tatu, mafuta ya breki usipimiwe kwenye chupa kutoka kopo lililo wazi. Mafuta hayo hunywa unyevu wa hewa, na hewa ya pwani yetu waijua. Yakishaingia maji huchemka mapema yakipata moto, na breki hukukimbia pale uihitajipo. Nunua kopo lililofungwa.

Nne, tairi husema umri wake. Ubavuni, mwisho wa herufi za DOT, mna tarakimu nne: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2319, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi laweza kung'aa kwa rangi nyeusi na huku limezeeka.

Tano, muulize muuzaji maswali mawili: "Kitu hiki kina kasoro gani?" na "Kisipofaa nitakurudishia lini?" Akiapa kwamba hakina kasoro kabisa, twaa kofia yako. Akikwambia, "Hiki kitakaa mwaka, kile kitakaa minne, na tofauti ya bei ni hii," na mkono wake waandika risiti, kaa chini unywe kahawa yake. Na wewe uwe tayari kulipa. Sisi wanunuzi ndio tunaowalea waongo, kwa kuingia dukani tukitaka kitu cha 6,000 kwa 2,600 na kumchekea atupaye.

Huenda msomaji akataka kujua mwisho wa bwana wangu wa safu ya mbele. Nilikwenda kwake mara ya pili, baada ya alasiri, dukani hamna mtu. Nikamwambia kwamba pesa zangu nimemsamehe, kwani kosa tumeligawana: yeye alificha, nami sikutaka kuona. "Lakini yule mama na mtoto wake," nikasema, "hakuna aliyewashauri katika biashara yetu ile." Akainamisha kichwa. Nilidhani yamemwingia, na pengine yalimwingia. Wiki iliyofuata nilipita tena mbele ya duka, nikachungulia. Maboksi mengine matatu ya namna ile yalikuwa yangali rafuni.

Ndipo nikaona si haki kunyamaa. Jina nimelistiri, wala wewe hulihitaji, kwani ukienda na yale maswali mawili utamtambua mwenyewe, awe Kisauni, awe Changamwe, awe Likoni. Nami nawaachia beti hii moja:

Duka si bati na rangi, wala jina mlangoni,
Wala si maneno mengi, na viapo vya sokoni,
Ukiokoa shilingi, roho huwa hatarini,
Aitajae aibu, huyo ndiye wa thamani.