Kinanda kipya na mashine ya zamani: Kisanduku kidogo kinachookoa mtaji

Rahisi inavunja upishi, wahenga walisema. Wanaokodisha vyombo vya muziki kwenye harusi, ubarikio na mikutano ya injili wanaijua methali hii vizuri, hasa tangu vinanda vyenye tundu la USB peke yake vilipojaa madukani.

Tumchukue kijana wa Kyela anayelima mpunga. Msimu ukiisha huuza magunia yake, hutenga ada ya watoto na mbegu, na kinachobaki hukiingiza kwenye biashara ya pili, yaani kukodisha spika, amplifaya na kinanda. Harusi nyingi hufungwa baada ya mavuno, hivyo shamba linapopumzika muziki ndio unaoleta unga nyumbani.

Kinanda chake cha zamani kimechoka. Vitufe vitatu havirudi juu, kingine hulia chenyewe. Lakini anayo mashine ya sauti ya zamani, ile isiyo na vitufe, ambayo hutoa sauti za filimbi, gitaa, ngoma na kinubi ikipata amri kutoka kwenye kinanda. Mashine hiyo bado nzima, na wateja wameizoea sauti yake.

Anakwenda mjini Mbeya na kununua kinanda kipya, chepesi na cha bei nafuu. Akifika nyumbani anagundua kwamba mashine yake ina matundu ya mviringo yenye vishimo vitano, na kinanda kipya kina tundu moja tu, la USB. Anarudi dukani. Muuzaji anamtoa wasiwasi: "Waya huu hapa kaka, huku USB, huku mviringo. Maliza kazi." Analipa, anatafuta na kiungio cha kuufanya uingie, anachomeka. Kimya.

Jumamosi kuna harusi, na malipo ya awali keshayapokea.

Kwa nini waya ule haufanyi kazi?

Tundu lile la mviringo linaitwa MIDI. Ni utaratibu uliotangazwa mwaka 1983 baada ya watengenezaji wa vinanda wa Marekani na Japani kukubaliana lugha moja. Wawili wanaokumbukwa zaidi ni Dave Smith wa Sequential Circuits na Ikutaro Kakehashi wa Roland. Kabla ya hapo, ilikuwa kazi kubwa kukifanya kinanda cha kampuni moja kiamuru mashine ya kampuni nyingine.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba waya wa MIDI haubebi sauti. Hubeba maagizo tu: kitufe gani kimebonyezwa, kwa nguvu kiasi gani, na kimeachiwa lini. Ni kama hati ya kuagiza mzigo, ambayo si mzigo wenyewe. Sauti hutengenezwa na mashine inayoipokea hati hiyo.

Katika MIDI ya mviringo hakuna mkubwa wala mdogo. Kinanda hutuma kupitia tundu la OUT, mashine hupokea kupitia tundu la IN, basi. Ndiyo maana Yamaha DX7 ya mwaka 1983, Korg M1 ya 1988 na Roland SC-55 ya 1991 zinaweza kuzungumza zenyewe kwa zenyewe hadi leo bila kompyuta.

USB ina mila tofauti. Kila muungano wa USB lazima uwe na mwenyeji na mgeni. Mwenyeji, kwa kawaida kompyuta, ndiye anayetoa umeme, anayeuliza "nani huyu?" na anayeruhusu mazungumzo yaanze. Mgeni hasemi mpaka aulizwe.

Kinanda cha USB ni mgeni. Na ule waya wenye USB upande mmoja na pini za mviringo upande mwingine ni mgeni pia, kwa kuwa umetengenezwa ili uchomekwe kwenye kompyuta. Ukiviunganisha, ni wageni wawili wamekutana mlangoni na ndani hamna mtu wa kusema karibu. Hakuna kilichoharibika, ila hakuna atakayeanza kuzungumza.

Hapo ndipo hasara huzaliwa. Mwenye kinanda hudhani kimekufa, anakiuza kwa bei ya kutupa, na fedha ya mpunga inakwenda na maji.

Dawa ni mwenyeji

Kinachohitajika ni kisanduku kidogo kinachofanya kazi ya mwenyeji. Upande mmoja kina tundu la USB la kupokea kinanda, upande mwingine kina MIDI ya mviringo. Kampuni ya Kenton ya Uingereza, kwa mfano, hutengeneza kimoja kiitwacho MIDI USB Host, na vipo vya bei ya chini kutoka China. La kutazama kwenye pakiti ni neno "Host". Pasipo neno hilo, huenda ni ule ule waya wa kompyuta.

Kuunganisha si kazi ngumu. Kwanza zima vyombo vyote. Chomeka waya wa USB kutoka kwenye kinanda hadi kwenye kisanduku. Kisha chukua waya wa MIDI kutoka tundu la OUT la kisanduku hadi tundu la IN la mashine ya sauti. Ukiweka OUT kwa OUT utasubiri mpaka alfajiri. Kutoka kwenye mashine, peleka sauti kwenye mikisa au amplifaya kama ulivyozoea.

Washa mashine, kisha kisanduku, na amplifaya iwe ya mwisho ili spika zisipigwe na kishindo. Kama bado kimya, angalia chaneli. MIDI ina chaneli 16, na kinanda kinachotuma chaneli ya 1 hakitasikika kwenye mashine iliyowekwa kupokea chaneli ya 10 peke yake.

Umeme nao una mambo yake. Kinanda cha USB mara nyingi hakina umeme wake, hula kutoka kwa mwenyeji. Kipimo cha kawaida cha tundu la USB 2.0 ni miliampia 500, na kinanda chenye taa nyingi kinaweza kutaka karibu chote. Kisanduku kilichounganishwa na chaja dhaifu ya simu kinaweza kuzimika katikati ya wimbo wa bibi harusi. Chaja imara ni sehemu ya mtaji.

Aidha, waya wa USB usizidi mita 5. MIDI ya mviringo hufika mita 15. Kama mpiga kinanda anakaa mbali na mashine, urefu uwe upande wa mviringo.

Hesabu kabla ya kununua

Tuseme, kwa mfano tu, kijana yule alinunua kinanda kwa Sh450,000. Kisanduku kinauzwa Sh180,000. Njia ya pili ni kukiuza kinanda kwa Sh300,000 na kununua chenye MIDI ya mviringo kwa Sh600,000, yaani kuongeza Sh300,000 mfukoni.

Kama kila harusi yenye kinanda humwachia Sh30,000 zaidi baada ya gharama, kisanduku kitarudisha fedha yake baada ya harusi 6. Njia ya pili itahitaji harusi 10. Tofauti ya harusi nne yaweza kuwa mbolea ya msimu mzima. Bei hubadilika, hivyo kila mmoja aweke tarakimu za soko lake, lakini mfumo wa hesabu ni huo huo.

Sh450,000 za mwanzo hazimo katika hesabu hii. Zimekwisha kutoka, na uamuzi wa leo hauwezi kuzirudisha. Wafanyabiashara wengi hung'ang'ania njia mbaya kwa kuzililia fedha za jana.

Hata hivyo, swali la kwanza liwe: kuna haja ya kuunganisha? Kinanda chenye sauti zake, kama Casio CT-S300 au Yamaha PSR-E373, kinaweza kupelekwa moja kwa moja kwenye amplifaya kupitia tundu la vipokea sauti. Kisanduku kinamfaa yule ambaye kinanda chake hakina sauti yoyote ndani, kama Akai MPK mini ya toleo la tatu, au ambaye mashine yake ya zamani ndiyo inayomletea wateja.

Simu ya Android nayo inaweza kuwa mwenyeji ikipata kiungio cha OTG na programu ya muziki, na kinanda kikapiga sauti za simu. Ni njia nafuu ya kujifunzia. Lakini baadhi ya simu huchelewesha sauti, betri huisha, na simu ikiita ukumbini aibu ni ya mpigaji.

Maswali ya kuuliza dukani

Anayejiandaa kununua kinanda ni vyema aulize mambo manne kabla ya kutoa fedha.

Je, kina tundu la mviringo la MIDI OUT? Vipo vinanda vidogo vinavyolo, Arturia KeyStep kwa mfano, na hapo kisanduku hakihitajiki.

Je, kina sauti zake ndani, au ni vitufe vitupu?

Je, kinafanya kazi bila programu maalumu ya kiwanda? Kwenye pakiti huandikwa "class compliant". Visanduku vingi vya mwenyeji huelewa vinanda vya aina hiyo tu. Kinanda kinachodai programu yake kwenye kompyuta kinaweza kukataa hata mbele ya kisanduku kizuri.

Je, kinaweza kujaribiwa hapo hapo? Beba mashine yako ya zamani hadi dukani, hata kama ni nzito. Mkulima hanunui jembe bila kulipima mpini. Na nauli ya kubeba mashine ni ndogo kuliko hasara ya kurudi kijijini na kinanda bubu. Dai risiti, na mkubaliane kabla ya kulipa kwamba kikigoma kinarudishwa.

Mashine ya sauti iliyotengenezwa zaidi ya miaka 30 iliyopita si takataka. Mara nyingi inachokosa ni mwenyeji wa kuikutanisha na kinanda kipya.