Rangi Isiyokuwapo: Habari za Ukingo wa Zambarau katika Picha

Siku hizi kupiga picha si kazi ya fundi peke yake. Mtu mwenye kamera ndogo au simu aweza kupiga picha mia kwa siku moja, na picha hizo zina kazi nyingi kuliko kupamba ukuta. Mwalimu wa Baiolojia hutaka picha ya ua au mdudu. Mkulima humpelekea Bwana Shamba picha ya jani lililobadilika rangi, apate shauri kabla ya kutembelewa. Kwa hiyo yafaa tujue ni wakati gani picha husema kweli, na ni wakati gani husema uongo. Uongo ninaotaka kueleza hapa ni mmoja tu, nao ni ule wa rangi zinazotokea kwenye kingo za vitu.

Chukua picha yo yote ya matawi ya mti yaliyopigwa mbele ya anga jeupe, uikuze. Mara nyingi utaona mstari mwembamba wa zambarau umelifuata kila tawi. Pengine upande mmoja ni mwekundu na wa pili una rangi kati ya kijani na buluu. Rangi hizo hazimo katika mti. Wengi hudhani kamera imeharibika. Sivyo. Asili yake ni tabia ya mwanga wenyewe upitapo katika kioo.

Kwa nini mwanga hutengana

Mwanga wa jua tunaouita mweupe ni mchanganyiko wa rangi nyingi. Isaac Newton wa Uingereza alieleza jambo hili katika barua iliyochapishwa mwaka 1672, baada ya kupitisha mwali wa jua katika kioo cha pembe tatu na kuona rangi za upinde wa mvua zimejipanga ukutani. Sababu ni kwamba kioo hakipindi rangi zote sawasawa. Zambarau na buluu hupindwa zaidi. Nyekundu hupindwa kidogo.

Sasa, lenzi nayo ni kioo kilichochongwa ili kupinda mwanga. Basi lenzi moja peke yake haiwezi kuzikutanisha rangi zote mahali pamoja. Tuseme una lenzi ya kioo cha kawaida inayokusanya mwanga umbali wa milimita 100. Miali ya buluu itakutana karibu na lenzi kuliko miali myekundu, na tofauti yake ni kama milimita moja na nusu. Ni kidogo kwa macho yetu, lakini kwa picha ni kubwa sana.

Newton alikata tamaa, akaona kosa hili haliondoki katika lenzi. Kwa hiyo mwaka 1668 alitengeneza darubini ya kioo cha kujitazamia badala ya lenzi, maana kioo cha namna hiyo huzirudisha rangi zote kwa njia moja. Lakini katika jambo hili la lenzi hakusema sawa. Kati ya mwaka 1729 na 1733 mwanasheria mmoja Mwingereza, Chester Moor Hall, alipata dawa. Aliunganisha lenzi mbinuko ya kioo cha kawaida na lenzi mbonyeo ya kioo kizito chenye madini ya risasi. Lenzi ya pili hurudisha nyuma utengano wa rangi ulioletwa na ya kwanza, bila ya kuondoa nguvu yote ya kukusanya mwanga. John Dollond, aliyekuwa kwanza mfumaji wa hariri, alipata hati ya serikali ya kutengeneza lenzi za namna hiyo mwaka 1758.

Hata hivyo, lenzi mbili huzikutanisha sawasawa rangi mbili tu. Nyingine hubaki nje kidogo. Zambarau, ambayo hupindwa kuliko zote, ndiyo mkaidi zaidi. Ndiyo sababu lenzi za leo, ingawa zina vipande vingi vya kioo, pengine na vioo vya namna maalum, bado huacha ukingo wa zambarau mahali penye mwanga mkali.

Namna mbili za kosa

Kosa hili ni la namna mbili, na asiyezitofautisha hatapata dawa.

Namna ya kwanza ni ya pembeni. Kamera za siku hizi hupokea mwanga juu ya kibao kidogo chenye vitundu vya nyekundu, kijani na buluu, kwa mpango uliobuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak na kupewa hati mwaka 1976. Ni kama kuwa na picha tatu zilizowekwa moja juu ya nyingine. Lenzi ikiifanya picha nyekundu kuwa kubwa kuliko ya buluu, hata kwa kiasi kidogo mno, kingo zake hazitalingana. Katikati ya picha huoni kitu. Kadiri uendavyo pembeni rangi huzidi. Upande mmoja wa kitu huwa na rangi moja na upande wa pili rangi nyingine.

Namna ya pili ni ya mbele na nyuma. Hapa rangi hukutana mahali mbalimbali mbele ya kibao, kama nilivyoeleza juu ya lenzi ya milimita 100. Hii hutokea po pote katika picha, hata katikati. Mara nyingi vitu vilivyo mbele ya mahali palipolengwa hupata ukingo wa zambarau, na vilivyo nyuma hupata wa kijani.

Hatari yake

Pengine msomaji atauliza: mstari mwembamba hivyo una madhara gani? Tazama shamba la mahindi. Mahindi machanga yakikosa fosforasi, majani yake hugeuka zambarau, hasa kwenye ncha na kingo, na huanzia majani ya chini. Basi njaa ya mmea na kosa la lenzi zina rangi moja, tena mahali pamoja! Mtu akipiga picha ya jani akiwa ameinama, na nyuma yake kuna anga jeupe, aweza kupeleka picha ya mgonjwa asiyeumwa. Mfuko wa mbolea ununuliwe bure. Na kinyume chake ni kibaya zaidi: programu ya kompyuta ikifuta kila zambarau ikidhani ni kosa, itafuta dalili ya kweli, na mahindi yaendelee kufa njaa.

Dawa yake

Kwanza, usipige kitu mbele ya anga au dirisha lenye mwanga mkali. Weka nyuma yake karatasi ya kijivu au kitambaa kisichong'aa, kisha upige kivulini. Hili peke yake huondoa sehemu kubwa ya taabu.

Pili, weka kitu katikati ya picha. Rudi nyuma hatua moja, upige, kisha ukate pembeni. Hapo umeikwepa namna ya kwanza.

Tatu, kama kamera yako yakubali, punguza tundu la lenzi. Kumbuka namba huenda kinyume: namba 8 ni tundu dogo kuliko namba 2. Namba 5.6 au 8 hupunguza sana namna ya pili, lakini haisaidii namna ya kwanza. Wala usizidishe, maana tundu likiwa dogo mno picha hupoteza ukali. Simu nyingi hazina tundu la kubadilisha. Mwenye simu na ashike zaidi shauri la kwanza na la pili. Tena ajihadhari na vilenzi vya bei rahisi vya kubandika mbele ya simu, kwa kuwa vingi ni kioo kimoja tu, nacho hurudisha kosa lile alilolijua Newton.

Nne, tumia kompyuta mwisho, si mwanzo. Programu kama darktable na RawTherapee hupatikana bila malipo. Kwa namna ya kwanza, programu hukuza au hupunguza picha nyekundu na ya buluu hata zilingane na ya kijani. Kazi hii ni ya haki kwa sababu hurudisha rangi mahali pake. Kwa namna ya pili, programu huinyonya rangi ya ukingo. Hapa ndipo penye hatari, kwa hiyo gusa ukingo ule tu, na uiweke picha ya asili bila kuibadilisha.

Ukiwa na shaka, ligeuze jani upande mwingine juu ya karatasi ya kijivu, upige mara ya pili. Rangi ikibaki palepale kwenye jani, ni ya jani. Ikihama au kutoweka, ni ya lenzi. Na kabla ya yote hayo litazame jani lenyewe kwa macho yako, ukiwa umelishika mkononi. Hata zambarau ya kweli si hukumu ya mwisho, kwa maana baridi ya udongo nayo yaweza kuileta katika mahindi machanga. Lakini Bwana Shamba atakayeletewa picha ya kweli ana mahali pa kuanzia. Aliyeletewa ya uongo hana.