Injini ya Posho Mili Ikikosa Nguvu

Katika ziara zetu hapa Siongiroi na pande nyingine za Chepalungu, tumekuta vikundi ambavyo posho mili imegeuka kuwa mzigo. Injini inawaka vizuri asubuhi, lakini mahindi yakiingia tu inalia kwa taabu na kupunguza mwendo. Dizeli inaisha haraka, foleni ya akina mama na madebe yao inarefuka, na mwishowe wateja wanahamia kwa kinu cha mtu binafsi. Kisha fundi anasema, "Hii imekufa, ifunguliwe yote," na akiba ya kikundi inakwisha kwa siku moja. Kabla ya kufika huko, ndugu wanavikundi, kuna mambo ya kuangalia ambayo karibu hayana gharama.

Kwanza mjue kama ugonjwa uko kwa injini au kwa kinu. Zimeni injini, toeni mkanda, halafu zungusheni kinu kwa mkono. Kikiwa kizito, beringi zimechoka. Angalieni kama nyundo zimelika na kama matundu ya chekeche yameziba. Mahindi yasiyokauka huziba chekeche upesi, na injini inalaumiwa bure. Mkanda uliolegea nao huteleza.

Kinu kikiwa sawa, rudisheni mkanda, sageni, mtazame moshi.

Moshi mweusi unaonyesha hewa haitoshi, au dizeli inazidi kazi. Nyumba ya kinu imejaa vumbi la unga, na vumbi hilo ndilo injini inavuta mchana kutwa. Tunajua kikundi kilichokuwa tayari kuomba mkopo wa kufungua injini, kumbe chujio la hewa lilikuwa limeganda kama ugali wa jana! Chujio la oili huoshwa kwa dizeli na kutiwa oili mpya. La karatasi halioshwi, hubadilishwa. Wengine hutoa chujio kabisa, na kweli nguvu inarudi, lakini vumbi linakula silinda na ringi. Afadhali bomba la hewa lipelekwe nje ya nyumba, mbali na moshi. Tazameni pia ekzosi, kwa maana masizi huijaza ndani.

Kama hakuna moshi na injini inafifia polepole, dizeli haifiki. Fungueni kidogo kifuniko cha tangi. Nguvu ikirudi, kitundu cha hewa cha kifuniko kimeziba. Maji hukaa chini ya dizeli, kwa hiyo toeni machafu ya chini ya tangi, mbadilishe chujio la dizeli, kisha mlegeze skrubu ya kutoa hewa mpaka mapovu yaishe.

Moshi wa samawati ni oili inayoungua, mara nyingi ringi zimekwisha. Moshi mweupe hata injini ikiwa moto ni dizeli isiyoungua vizuri. Hapo injini ikiwa imezimwa, funga dizeli na uzungushe kwa hendeli polepole. Ikipita laini bila kukurudisha nyuma, msukumo umepotea kwa valvu, ringi au gasketi. Hiyo sasa ni kazi ya fundi, na kamati imwombe awaonyeshe kile kilichoharibika kabla ya kulipa.

Tena msilinganishe injini yenu na ile ya boti ya ndugu zetu wa Ziwa Victoria. Ziwa liko karibu mita 1,130 juu ya bahari, na mji wa Kericho karibu mita 2,000. Hewa huku ni nyepesi, na kila mita 1,000 huondoa kama sehemu moja ya kumi ya nguvu. Lister ya zamani ya nguvu za farasi 6, iliyopangiwa kuzunguka mara 650 kwa dakika, haitatoa 6 kamili hapa hata ikiwa mpya.

Fundi akijaribu noozi, mtu asiweke mkono mbele yake. Dizeli hutoka kwa nguvu ya kupenya ngozi, na aliyepigwa nayo apelekwe hospitali mara moja, hata kama tundu ni dogo kama la sindano.