Mbele ya kununua gari ya okazyo ya kuvuta boti, pima mzigo kwanza



Kila mara mavuno yanapouzwa na makuta kuingia kwenye kasha, koperative zenye kulima na kuvua kandokando ya ziwa Tanganyika zinarudia swali moja: je, tununue gari ya okazyo ya kuvuta boti yetu? Swali hilo ni la haki. Boti inapaswa kutoka majini wakati wa kuitengeneza, na pia wakati ziwa linafungwa ili samaki wazae, sawa vile ilifanyika toka 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024. Siku zingine gari hiyo hiyo inaweza kubeba mupunga, mahindi na mihogo.

Lakini gari mbaya inaweza kula michango ya wamemba ya miaka mingi kwa muda wa mwezi mmoja tu. Na gari yenye kushindwa kusimamisha remorki kwenye mteremko inaweza kuua watu. Ndiyo maana hatutaanza na gari. Tutaanza na mzigo ambao gari itavuta.

1. Pima mzigo wote

Watu wengi wanahesabu boti peke yake. Gari inavuta boti, motere yake, esanse, nyavu, taa, nanga, na remorki yenyewe. Tena mbao zilizokaa majini zinakunywa maji: boti ya mbao ya zamani iko nzito kupita siku ilipotoka kwa fundi.

Kama kuna mizani ya malori karibu na kwenu, mutumie hiyo. Kama hakuna, ziwa lenyewe linaweza kuwa mizani, juu boti yenye kuelea inasukuma maji yenye uzito sawa na wake. Muiache boti tupu, bila motere, kwenye maji yaliyotulia. Mupime kwa metre vitu vitatu: urefu wake pale maji yanafika, upana wake pale maji yanafika, na kina cha sehemu iliyozama. Muzidishe namba hizo tatu. Kisha muzidishe kwa 0,5 kama chini ya boti iko ya mviringo ao imechongoka, ao kwa 0,7 kama chini iko bapa. Jibu ni metre kibe za maji, na kila metre kibe moja ni kilo 1 000.

Mfano: boti yenye kuchongoka chini, urefu metre 7, upana metre 1,4, kina metre 0,2. Tukizidisha tunapata 1,96; mara 0,5 ni 0,98. Ni kusema karibu kilo 980. Sasa tuongeze:

- motere ya shevo 40: karibu kilo 70
- esanse litre 60: karibu kilo 45
- nyavu, taa, nanga na kamba: tuseme kilo 155
- remorki ya chuma: tuseme kilo 350

Jumla ni kilo 1 600. Juu hesabu hii ni ya kukadiria, muongeze sehemu moja ya kumi: kilo 1 760. Namba hiyo muiandike kwenye karatasi na muende nayo kuangalia gari. Muuzaji akisema «hii gari inavuta kila kitu», mumuulize: inavuta kilo 1 760 na inasimama?

2. Kuvuta siyo shida, shida ni kusimama

Karibu kila motere inaweza kuvuta remorki kwenye barabara ya sawasawa. Shida inaanza kwenye mteremko. Watu wa Kivu ya Kusini wanajua Ngomo, kati ya Nyangezi na Kamanyola. Pale remorki ya kilo 1 760 inasukuma gari toka nyuma kwenye kila kona. Shofere akikanyaga freni bila kuachilia, freni zinapata moto, na freni zenye moto mwingi zinaacha kushika. Mguu unaenda mpaka chini na gari inaendelea.

Kule Ulaya, remorki ikipita kilo 750 pamoja na mzigo wake inapaswa kuwa na freni yake yenyewe. Hata kama kwetu hakuna mtu wa kuipima barabarani, kilo ni zile zile na mteremko wetu ni mrefu. Kwa hiyo remorki ya boti kama ya mfano wetu inapaswa kuwa na freni. Ile ya kawaida ni freni ya kusukumwa: gari ikipunguza mwendo, remorki inasukuma mbele, na nguvu ile inafunga freni za magurudumu yake. Hakuna komputa ndani, na fundi wa kwetu anaweza kuitengeneza. Muweke pia mnyororo kati ya gari na remorki, juu kama atelaji ikifunguka njiani, remorki isiende peke yake.

Kwa shofere, sheria ni fupi: shuka na vitesi vidogo, vile ungepanda navyo. Acha motere ishike gari, na freni isaidie tu.

Mupange mzigo vizuri pia. Pua ya remorki inapaswa kulalia atelaji kwa uzito wa kilo 5 mpaka 10 kwa kila kilo 100 za mzigo. Kwa kilo 1 760 ni kilo 90 mpaka 175. Kama nyuma ya remorki iko nzito kupita mbele, remorki itaanza kuyumba kushoto na kuume, na gari itayumba nayo.

3. Pale kwenye maji

Kutoa boti majini kunapima gari kupita barabara. Magurudumu ya nyuma yako kwenye mchanga ao matope, boti imejaa maji kidogo, na kilima cha ufuo kiko mbele.

Gari yenye kuvutwa na magurudumu ya mbele haifai hapo. Mzigo unalalia nyuma, mbele inakuwa nyepesi, na magurudumu yanazunguka bure. Mutafute 4x4 yenye mkono wa pili wa vitesi vidogo. Mkono ule unaruhusu gari kutambaa polepole bila kuunguza ambreyaji. Siku ya kujaribu gari, muutumie kweli. Magari mengi ya okazyo yana mkono huo, lakini haukuguswa miaka na miaka na hauingii tena.

Rulema za remorki nazo zinahitaji uangalizi. Baada ya safari zinakuwa na moto. Mukiziingiza majini mara moja, zinapoa ghafla na kunyonya maji ndani, kisha zinaoza. Mungoje zipoe mbele ya kuingia majini, na muweke grese mpya mara kwa mara.

4. Gari ya namna gani?

Gari ndogo za mjini na zile za kubeba abiria: muziache, hata kama bei iko chini. Hazikufanywa kwa kazi hii.

Pikap 4x4 sawa Hilux: kwa koperative nyingi hii inaweza kutosha, kama mzigo hauko mkubwa na remorki iko na freni. Za zamani zenye motere ya mazutu bila turbo, sawa ile 5L ya litre 3, zinavuta polepole kwenye mlima, lakini mekanisye wengi wanazijua.

Land Cruiser ya kazi: yenye motere 1HZ ya mazutu, silinda 6, litre 4,2, ndiyo yenye nguvu ya kutosha. Pikap ya namba 79, kule Australia inaruhusiwa kuvuta kilo 3 500 kama remorki iko na freni. Lakini namba ile ni ya gari mpya. Bei yake pia iko juu, hata ikizeeka.

Lori ndogo sawa Dyna ao Canter: inabeba mavuno vizuri kupita pikap, lakini nyingi hazina 4x4. Zinafaa kama ufuo wenu uko mgumu, wa mawe ao wa beto.

Mbele ya kuchagua, muulize kwanza mekanisye wa karibu: ni gari gani anaweza kutengeneza, na pyesi gani zinapatikana Uvira, Baraka ao Kalemie? Motere za kisasa zenye pompe ya komputa zinataka mazutu safi. Mazutu ya mapipa mara mingi iko na maji na uchafu ndani, na pompe ile ikiharibika, bei yake inaweza kushtua komite nzima.

Mukumbuke pia upande wa usukani. Magari mengi yanatoka Japani na kupitia Dar es Salaam, usukani ukiwa kuume. Sisi Kongo tunatembea upande wa kuume wa barabara. Kwa hiyo shofere wa gari ile haoni mbele vizuri akitaka kupita lori, na mwenye kuvuta boti anahitaji nafasi ndefu sana ya kupita.

5. Siku ya kuchunguza gari

Muende watu watatu: mekanisye wenu (siyo wa muuzaji), shofere, na memba mmoja wa komite. Mumuambie muuzaji asiwashe gari mbele yenu hamujafika. Motere ya baridi haifichi magonjwa.

- Moshi. Wa bluu: motere inakula mafuta yake. Mweupe wenye kuendelea hata motere ikipata moto: maji yanaweza kuwa yanaingia kwenye silinda. Mweusi sana: mazutu inapita kiasi ao filtre imeziba.
- Kifuniko cha mafuta ya motere. Mukikuta kitu sawa maziwa chini yake, maji na mafuta vinaweza kuwa vimekutana. Muulize sana.
- Ambreyaji. Gari ikiwa imesimama na freni ya mkono imefungwa, muingize vitesi ya tatu na muachilie ambreyaji polepole. Motere inapaswa kuzima mara moja. Ikiendelea kuzunguka, ambreyaji imekwisha.
- Vitesi vya otomatiki. Mafuta yake yakinuka kuungua ao yakiwa meusi, muache gari ile. Kuvuta remorki kutaimaliza.
- Shasi. Muingie chini na taa. Mutafute kutu, nyufa, na rangi mpya yenye kuficha sudure, zaidi pale atelaji inafungwa. Gari zilizofanya kazi kando ya bahari ao kwenye inchi wanaweka chumvi barabarani wakati wa theluji zinaweza kuwa zimeoza chini hata kama juu zinangaa.
- Pine. Kwenye ubavu kuna namba nne: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni kusema juma la 23 la mwaka 2019. Pine yenye alama nzuri lakini ya zamani sana inaweza kupasuka chini ya mzigo.
- Freni. Muijaribu kwenye mteremko wa kweli, gari ikiwa na mzigo.
- Karatasi. Namba ya shasi iliyochongwa kwenye chuma iwe sawa na ile ya kwenye karte roze. Muombe karatasi za duane, na mwenye kuuza aonyeshe kitambulisho chake. Karatasi ya mauzo iandikwe kwa jina la koperative, siyo kwa jina la prezida.

6. Hesabu ya mwisho

Musitumie makuta yote kununua gari. Mimi nashauri kuacha robo. Kama kasha iko na dola 8 000 kwa kazi hii, mutafute gari ya dola 6 000. Zile 2 000 ni za pine, freni, ambreyaji, atelaji, asiranse na vinyeti. Gari ya okazyo karibu kila mara inadai kitu kwenye miezi ya kwanza.

Kisha mujiulize swali ambalo watu wanaogopa kwenye mkutano: boti yetu inatembea barabarani mara ngapi kwa mwaka? Tuseme ni mara nne, na kukodi gari yenye nguvu ni dola 60 kwa safari. Ni dola 240 kwa mwaka. Kwa dola 6 000 mungekodi miaka 25. Kwa hesabu hiyo, kununua gari juu ya boti peke yake hakuna faida. Faida inaweza kupatikana tu kama gari itabeba mavuno ya wamemba siku nyingi za mwaka na kila memba analipa usafiri wake.

Kwa hiyo, mbele ya mkutano mkuu kupiga kura, komite ilete karatasi moja yenye vitu vine: uzito wa mzigo wote, safari za boti kwa mwaka, kilo za mavuno gari itabeba kila mwezi, na jina la mekanisye mwenye kukubali kuitunza. Siku gari ikinunuliwa, mufungue kaye yake: kila litre ya mazutu, kila pyesi, kila safari na makuta iliyoingia. Kila mwisho wa miezi mitatu isomwe mbele ya wamemba wote. Kama kaye inaonyesha hasara mara mbili kwa kufuatana, muuze gari ile wakati bado inatembea, juu gari iliyosimama haina bei.